Kigoda Nyuma ya Mlango

6 Februari

Mjomba Funguo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kishada cha funguo kiunoni bado kinafika kabla yako. Mimi sijambo. Mama alinipigia wiki iliyopita, anasema goti limetulia ila mdomo haujatulia, bado anauliza nitaoa lini.

Nina jambo, Mjomba. Ofisini tumepewa kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kuwatafutia watu wenzao wa kukaa nao nyumba moja. Mtu anajibu maswali, programu inampa mtu anayeendana naye. Kuiandika programu yenyewe tunaweza. Maswali ndiyo yametushinda. Tumeuliza watu wanapenda muziki gani, wanalala saa ngapi, wanapenda paka au hawapendi. Tukajaribu kwa wafanyakazi wenyewe. Wawili waliopata alama tisini na nane kwa mia wamekaa pamoja siku kumi na moja, na sasa mmoja akitaka kumsalimia mwenzake anapitia kwa mkuu wa ofisi.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka ishirini unawapangia watu vyumba na sijawahi kukusikia ukimuuliza mtu habari za paka. Naomba uniandikie unavyofanya. Usinipigie simu. Kwenye simu utanichekesha halafu nitasahau. Nataka maneno yako kama yalivyo, kwenye karatasi.

Mpwa wako.


19 Februari

Mpwa wangu Profesa, marahaba. Nakuongezea marahaba ya pili, iwe ya akiba.

Huku wote wazima. Goti la mama yako lilipona kabisa siku aliposikia umeniandikia mimi barua kabla yake. Alisimama bila kushika ukuta, akaja kunigombeza mpaka kwangu, ghorofa ya pili. Kwa hiyo barua zako ni dawa, endelea.

Shule yangu unaijua. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sehemu kubwa nililisikilizia dirishani. Herufi zikigongana, wewe zipishe tu.

Sasa sikiliza kazi. Mimi simuulizi mtu anapenda nini. Ukimuuliza hivyo atakueleza habari za mtu ambaye angetaka kuwa. Mimi nampeleka kuona chumba, nampitisha jikoni, nampa maji ya kunywa, halafu naangalia kikombe. Kuna wa kukiacha alipomalizia kunywa, kuna wa kukiweka kwenye beseni, kuna wa kukisuuza na kukipindua. Wa kusuuza na wa kuacha usiwaweke pamoja hata kama wamezaliwa tumbo moja. Lakini wa kuacha wawili wataishi miaka bila neno, ndani ya uchafu wao kama mabwana.

Halafu funguo. Nampa kishada kizima namwambia afungue mwenyewe. Anayeulazimisha ufunguo usioingia, huyo atamlazimisha na mwenzake.

Ya kuuliza kwa mdomo yapo. Sabuni ya pamoja ikiisha, unajuaje kwamba zamu ni yako? Uliyekaa naye mwisho ukimwona barabarani, utavuka upande wa pili? Na nani alianza kununa? Anayesema hajawahi kugombana na mtu maishani, huyo namwambia pole, chumba kimeshapata mtu.

Swali langu kubwa ni la mwisho. Umerudi kwako, mlango umezuiwa kwa ndani. Unafanya nini? Hapo naweza kukaa na mtu nusu saa, maana majibu ya hilo swali yanatoka polepole kama jino.

Yote nimekuandikia nyuma ya karatasi, nimeyahesabu yamefika arobaini. Sikujua mimi nina vitu arobaini kichwani. Mwalimu wangu aliapa hamna kitu.

Mjomba wako, mtaalamu wa vikombe.


14 Machi

Mjomba, shikamoo, na ile marahaba ya akiba nimeshaitumia.

Namshukuru Mungu ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Mwambie Mama nguo alizonitumia nimepata, zimenikaa vizuri.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mkuu wa ofisi aliisoma mpaka mwisho kisha akauliza huyu ni mtaalamu wa wapi. Nikamwambia, wa ngazini. Kikombe tumekiweka kama picha, mtu anachagua angekiacha wapi. Funguo pia tumezipatia njia. Lakini swali la mlango limegoma. Wanasema nani mwenye akili timamu atauzuia mlango wake mchana kweupe? Wanataka kulitoa.

Nisaidie, Mjomba. Nipe mfano wa mtu wa kweli, ulivyomwona na sababu yake. Nikiwa na mfano nitalitetea.

Mpwa wako.


2 Aprili

Profesa, marahaba.

Hapa hatujambo. Mama yako amenunua miwani, sasa anayaona hata makosa ambayo sijayafanya.

Ulivyosema wanataka kulitoa swali la mlango nilianza barua mbili, zote nikazichana, na unajua mimi kuchana karatasi ni ugonjwa. Nikaona nikueleze.

Kuna fundi cherehani mmoja nilimpangia chumba miaka mitano iliyopita. Alikuja na cherehani kichwani na kigoda mkononi, godoro hana. Mtu anayehama kwa mpango hubeba godoro. Anayekimbia hubeba kinachomlisha. Nikamfungulia chumba. Kila mtu akiingia chumba kipya anaenda dirishani. Yeye alienda nyuma ya mlango. Akauliza unafunguka kwa ndani au kwa nje, nikamwambia kwa ndani. Akakiweka kigoda pale, kizito, cha mbao ngumu, akasukuma mlango, akaona umekataa, ndipo akavua viatu.

Sikumuuliza. Aliniambia mwenyewe, mkono ukiwa kwenye komeo, kwamba mwanamume aliyekuwa akikaa naye hakuwahi kubisha hodi hata siku moja. Alikuwa anaingia mkono ukiwa umeshanyanyuka.

Chumba kilikuwa cha watu wawili, kwa hiyo nilimletea wenzake. Wa kwanza alikuta mlango umezuiwa akausukuma kwa bega. Wa pili alicheka. Wa tatu ni muuguzi wa zahanati. Alijaribu, ukakataa. Hakuuliza kitu. Alirudi nyuma hatua moja akasema, "Ni mimi muuguzi, nimekuja na mjomba." Akangoja. Akasema tena, akangoja. Mara ya tatu tukasikia kigoda kinasogea, kwaruu. Nikajua kazi yangu imekwisha, nikaondoka hata chumba sikuwaonyesha.

Mpaka leo wako pamoja. Kila siku muuguzi akitoka kazini anajitaja mara tatu mlangoni kwake mwenyewe. Majirani wa korido wanajua ni utani wao wawili, na mimi sijawasahihisha.

Huyo fundi alinitazama siku ile akasema, "Funguo, na kifua chako kina mlango?" Nikamwambia kina mlango, komeo na kigoda. Kwa hiyo Profesa haya ni yangu na yako. Swali litoke kwa watu, mtu mwenyewe asitoke.

Mjomba.


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kukaa kimya. Tumefanya kazi mpaka macho yamekuwa mekundu, programu inakaribia kutoka. Swali la mlango limebaki. Barua yako ilitusaidia sana, nakwambia kweli, ofisi nzima imekuwa ikikuzungumzia.

Nimekutumia shati kwenye kifurushi hiki. Lina picha ya nyumba kifuani, ndiyo alama yetu. Ukilivaa nipigie picha.

Mama hajambo? Msalimie.

Mpwa wako.


11 Juni

Profesa, marahaba.

Shati nimepata, nalitumia kuwaringia madalali wenzangu. Mmoja kaniuliza kama hiyo nyumba ya kifuani inapangishwa.

Mama yako yuko vizuri. Anasema shati langu ni la kiume mno, lingemfaa yeye.

Lakini kuna neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Umesema barua yangu imekusaidieni, na kwamba ofisi nzima inanizungumzia. Ofisi nzima inanizungumzia kwa lipi? La vikombe sawa, hata watangaze redioni. La kigoda nilikuandikia wewe peke yako. Nijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja. Karatasi nimekuwekea humu ndani na bahasha, usije ukasema zimekuishia.

Mjomba.


28 Julai

Kwa mpwa wangu.

Umetuma kwa mama yako salamu zangu, nimezipata. Shikamoo yako nimeiweka juu ya kabati. Mama yako mzima. Karatasi yangu na bahasha bado nazingoja.

Nimeiona video ya tangazo lenu. Nilionyeshwa na kinyozi hapa chini, amenishika mkono akasema, "Njoo uone, Mjomba, mpwa wako katoa kitu." Nikakaa kwenye kiti chake kile cha kuzunguka. Nikaona mwanamke anashona. Nikaona kigoda. Mwenzake anafika na mifuko, anasukuma mlango, mwanamke anaruka, kitambaa kinamfunika kichwa, kigoda kinapinduka, na muziki wa kuchekesha chini yake. Halafu sauti inasema, "Mwenzako ana visa na mlango, kwa sababu ya mume aliyemkimbia? Tutakupata anayekufaa." Na mwenzake anajitaja mara tatu, huku amebana pua.

Kinyozi alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. Mimi nilicheka pia, maana watu walikuwa wananitazama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka.

Majirani wa korido walikuwa wanamsikia muuguzi kila siku na hawakuwa na sababu. Mmewapa sababu. Siku ya pili mteja kaja kuchukua gauni, akagonga meza ya fundi mara tatu, akasema ni mimi, ni mimi, ni mimi, wenzake wakaangua kicheko. Siku ya nne mwingine. Dukani wanamwita Mama Kigoda. Wiki ile ile akahama. Safari hii godoro alibeba, na sikumpangia mimi.

Muuguzi ndiye aliyeniletea ufunguo. Nikamwambia kaa, unywe maji. Akakataa kushika kikombe. Akasema, "Mjomba, kumbe kifua chako ni tenga." Basi. Akashuka ngazi.

Nimeona pia mmeandika maswali arobaini yamebuniwa na timu yetu. Hayo nimekusamehe palepale, tena nilifurahi kidogo kujua mimi ni timu. Ningewapa na la arobaini na moja bure.

Mama yako anaizungusha hiyo video kwa wenzake wote, anawaambia mtoto wangu huyo. Kila ikiisha anaianza upya. Sijamwambia.


9 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta nikiwa na homa, ndiyo maana nimechelewa. Sasa nina nafuu.

Mjomba, sikumtaja jina. Wala mji sikuutaja. Nchi nzima ina mafundi cherehani, nilijua hakuna atakayemjua. Karatasi yako ilikuwa mezani kwangu, watu wa matangazo wakaiona, wakaichukua, mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nilipoiona video ilikuwa imeshatoka. Niliwaambia waishushe, wakasema imetazamwa sana, haiwezekani.

Na wewe Mjomba, naomba usikasirike, lakini ni wewe uliyeniandikia.

Tafadhali Mama asijue. Nitatuma kitu kwa ajili ya huyo fundi, chochote utakachoona kinamfaa.

Mpwa wako.


1 Oktoba

Mpwa.

Homa pole. Mama yako mzima, hajui.

Umesema hukumtaja jina. Jina lake hata mimi sikukutajia, sasa ulitaka kulitoa wapi? Ulichokitaja ni kigoda. Mtu anaweza kuwa na jina moja na watu mia. Kigoda kile ni chake peke yake.

Umesema ni mimi niliyekuandikia. Hapo umesema kweli, na nilikuwa najua utafika hapo, nilikungojea kama mtu anayengoja basi. Ni mimi. Nilikuwa na mlango, komeo na kigoda, nikaondoa kigoda kwa mkono wangu kwa sababu aliyebisha alisema ni mpwa. Sikukwambia ujitaje mara tatu. Ulitaka niandike, usisahau. Na kweli hukusahau hata nukta.

Usimtumie kitu. Yeye anashona, ana chake.

Shati nakurudishia, limo humu. Nimelifua. Mimi naendelea vizuri, shughuli zipo.


3 Novemba

Mjomba, shikamoo. Najua unaiweka wapi.

Mama amenipigia. Anasema wewe shughuli huna. Anasema umewarudishia wenye nyumba funguo zao zote, hata zile za jengo ulilolipangisha miaka yote ishirini, na sasa unafungua na kufunga geti la ghala la mbao, na kwamba ukipita huna mlio. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia. Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo.

Nilikudanganya, Mjomba. Hakuna aliyeichukua karatasi mezani. Kwenye kikao mkuu aliniuliza mfano, nikasimama, nikaisoma barua yako kwa sauti mbele ya watu kumi na wawili. Nilipofika pale muuguzi anajitaja, nilibana pua. Mimi ndiye niliyeanza kubana pua. Wakacheka, nikaona wamenipenda. Mwezi mmoja baadaye nikapewa ofisi yenye mlango.

Nimeacha kazi Ijumaa. Video bado ipo, hiyo siwezi kuishusha, nimejaribu. Sina cha kukueleza zaidi ya hapo. Nauliza tu kama naweza kuja.


16 Novemba

Profesa.

Huku tupo. Mama yako ameifuta video kwenye simu yake, kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowapelekea, akisimama juu yao mpaka wafute. Wanne walimwambia hawajui kufuta, akawafutia. Goti limevimba tena. Usimpigie kwanza, mwache apoe, ila mwandikie. Barua ni dawa yake, nilishakwambia.

Mimi ghalani sijambo. Geti ni moja na ufunguo ni mmoja, kazi ya mtu aliyeishia darasa la nne. Mbao hazinisimulii kitu, na mimi sizisimulii.

Huyo fundi nimemwona, au niseme mlango wake nimeuona. Muuguzi alikuja ghalani kutafuta mbao ya rafu, nikajua kwamba bado wako pamoja, alimfuata huko huko alikohamia. Sikumuuliza wapi. Alichukua mbao yake, akasimama kidogo, akasema inabidi ibebwe na watu wawili. Nikashika upande wa pili. Njia nzima alitangulia yeye, kama mtu anayempeleka mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Tulipofika kwenye ngazi akanionyesha mlango, akaniachia mbao yote, akaenda zake kazini.

Nikabisha hodi. Nikasema, ni mimi Funguo. Sauti ya cherehani ikakatika. Nikangoja kama ninavyofundisha watu kungoja. Nikasema mara ya pili. Mara ya tatu nikasikia kwaruu. Profesa, nilivuta shati, nikajiweka sawa, nikatafuta la kuanza nalo. Mlango haukufunguka. Alikuwa anakisogeza kigoda kije karibu zaidi na mlango.

Nikaiegemeza mbao ukutani, nikakaa ngazini mpaka muuguzi akarudi.

Jumapili iliyofuata nilienda tena, nikajitaja mara tatu, nikakaa. Safari hii cherehani haikunyamaza, aliendelea kushona kama vile sipo. Muuguzi anasema hayo ni maendeleo. Mimi sijui, yeye ndiye mwenye cheti.

Umeuliza kama unaweza kuja. Mtaa wenyewe sikuandikii, nimejifunza kuandika kidogo. Njoo Jumamosi, nitakupokea kituoni, nitakupeleka kwa miguu. Begi uliache kwangu, hakuna kubeba zawadi. Nitakufundisha pa kusimama. Utarudi nyuma hatua moja. Utajitaja mara tatu kwa sauti yako uliyozaliwa nayo, useme wewe ni nani na umefanya nini, kisha unyamaze. Usipojibiwa usirudie ya nne.

Shikamoo yako bado iko juu ya kabati. Sijaitupa, siishushi.

Asipofungua tutakaa. Ngazi ile ni nyembamba ila nimeipima, wawili wanaenea. Nimeshakaa na watu wa kila aina katika kazi yangu na sikudhani wewe ndiye ningepangiwa nawe mwishoni, tena nje ya mlango. Kikombe nitakuja nacho kimoja. Ukimaliza kunywa nitaangalia unakiweka wapi.

Mjomba wako.